Maua ya Marinda ya Tupokigwe

Blanketi la hasira halifiki miguuni.

Mmeisikia methali hiyo mkacheka, mkadhani ni maneno ya bibi aliyechoshwa na kelele zenu. Sasa mnauliza imetoka wapi. Nitawaambia, lakini endeleeni kufuma, maana bibi harusi hatawangoja. Ile ya hasira hasara mnaijua, kila mtu anaijua, hata madereva wanaiandika nyuma ya magari yao na bado wanatukanana njiani. Ubaya wake ni kwamba haisemi hasara yenyewe inamwangukia nani. Hii ya kwetu inasema.

Chimbuko lake ni huku huku Rungwe, hapa juu kwenye ukungu, kabla lami haijapanda mlima. Aliishi mwanamke aitwaye Tupokigwe. Mumewe alikuwa na shamba la chai na migomba, na nyumba ya matofali ya kuchoma yenye chumba cha nyuma. Katika chumba hicho Tupokigwe alimweka mama yake mzazi, bibi Subilaga. Kwa desturi mzee hukaa kwa mtoto wa kiume, lakini bibi Subilaga alijaliwa mabinti wawili tu, Tupokigwe na mdogo wake Lugano, aliyeolewa bonde la pili. Tupokigwe alimchukua mama bila kuombwa na mtu. Alimwogesha, alimpikia uji wa ulezi, alimgeuza ubavu usiku, na jua likitoka, jambo ambalo kwetu ni bahati, alimbeba mgongoni hadi barazani akaliote. Likumbukeni hilo. Nyie mkimwona mtu amekasirika mnakimbilia kumwita mbaya, na Tupokigwe hakuwa mbaya hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kufuma. Bibi Subilaga ndiye aliyewafundisha akina mama wa kanisani hili ua la marinda linalowatoa jasho leo. Unaanza na duara la katikati, unafuma petali ndogo. Kisha unapitisha uzi nyuma yake, unatengeneza vitanzi, na kwenye vitanzi hivyo unafuma petali kubwa zaidi. Unarudi nyuma tena, kubwa zaidi, mpaka ua linakaa kama gauni la marinda matatu. Mwisho unalizungushia uzi wa kijani hadi lipate pembe nne, na likishakuwa mraba linaungwa na wenzake. Desturi ilikuwa, na ni hiyo hiyo hadi leo, kwamba blanketi halifumwi na mtu mmoja. Mgonjwa akihitaji blanketi, au binti akiolewa, habari inatolewa Alhamisi, siku ya akina mama, na kila mmoja analeta ua lake. Mwenye shughuli kazi yake ni kuunga. Wala hapakuwa na mtu wa kupima kwa futi. Blanketi la mtu mzima lilikuwa maua kumi kushuka na saba kukata, na hesabu hiyo haikuwahi kumwangusha mtu.

Msimu mmoja wa baridi Lugano alikuja kumwamkia mama yake. Siku hiyo Tupokigwe alikuwa shambani anachuma chai. Lugano alikaa kitandani kwa mama, wakazungumza, akaacha mkungu wake wa ndizi jikoni, akaondoka kabla mvua haijaanza. Alhamisi iliyofuata Tupokigwe hakwenda kanisani kwa sababu mtoto wake mdogo alikuwa na homa. Jioni akaja jirani yake, Anyosisye.

Kila kijiji kina Anyosisye wake. Huyu wa kwetu, habari ikiingia kwake nyembamba, inatoka na kitambi. Alikaa jikoni, akamimina chai yake mwenyewe, akaanza kuzunguka mbuyu mpaka Tupokigwe akamwambia aseme alilojia.

"Mdogo wako leo amesimama mbele ya akina mama," Anyosisye akasema. "Kasema mama yenu anateswa na baridi. Watu wametikisa vichwa, mwenzangu. Mmoja kauliza kama nyumba hii haina mablanketi, au yote mnajifunika nyinyi."

Tupokigwe aliendelea kuosha sufuria aliyokuwa nayo mkononi. Aliiosha hadi Anyosisye alipomaliza chai yake na kuaga, na hata baada ya hapo aliendelea kuisugua, sufuria iliyokwisha kutakata zamani. Lugano! Lugano ambaye hajawahi kuamka usiku kumgeuza mama ubavu, ambaye hajafua shuka hata moja, huja na mkungu wa ndizi na kuondoka na sifa, leo ndiye wa kusimama kanisani kumpaka matope dada yake. Kama angekuwa karibu wakati huo, Tupokigwe angemrushia sufuria, na mimi nisingemlaumu sana.

Kwa kuwa hakuwa karibu, Tupokigwe alifungua sanduku lake, akatoa uzi wote wa sufu aliokuwa akiuweka akiba, mwekundu, wa njano na wa kijani, akachukua sindano yake ya kulabu, akaketi. Aliapa kwamba atamfumia mama blanketi la maua ya marinda matatu kila moja, zito, la kutazamwa, na kila uzi utakaokuwa ndani yake utatoka mkononi mwake yeye. Akishamaliza atawaita wote, Lugano akiwa wa mbele, waje waone nani anamtunza mama na nani anaongea.

Siku mbili tatu baadaye mwanamke mmoja wa kikundi alikuja na ua la njano amelifunga kwenye leso. Tupokigwe alimrudishia mlangoni. Akaja wa pili na la zambarau, naye akarudishwa, hata karibu ndani hakuambiwa. Tupokigwe aliona wanamletea huruma yao, na huruma hakuwa na haja nayo. Habari zikaenea kwamba kwa Tupokigwe hakupelekwi ua, basi hawakuja tena.

Akafuma peke yake. Alifuma akitoka kuchuma chai, alifuma mchuzi ukichemka, na kila petali ilikuwa na neno lake la kumwambia Lugano. Hivi unadhani mimi sichoki? Akavuta uzi. Hivi nani alimbeba mama alipovunjika nyonga? Akavuta. Alikuwa anakaa kwenye chumba cha nyuma, kwenye kigoda kando ya kitanda, kwa hiyo mama yake alikuwa anamsikia. Bibi Subilaga hakuwa anaona vizuri tena, lakini mtu aliyefuma maisha yake yote hafumi kwa macho tu.

"Mwanangu," akasema siku moja, "sindano yako inalia."

Kweli ilikuwa inalia. Nyie mnajua, uzi ukikazwa mno sindano hupenya kwa shida na kutoa kamlio kama ka panya. Tupokigwe akajibu, "Acha ilie, mama."

Siku nyingine bibi Subilaga akajaribu tena. Alisema miguu yake, nyakati za alfajiri, haikai kabisa kwa baridi. Tupokigwe alikuwa na miraba mapajani, anaipanga safu ya nne, anasema namba kwa midomo. Alimwambia mama asubiri kidogo, anahesabu. Mama akasubiri. Tupokigwe alipomaliza kuhesabu alikumbuka ugali uko motoni, akatoka.

Maua yale yalitoka magumu. Petali zake hazikulala kama zinavyotakiwa kulala, zilisimama wima kama upanga wa jogoo. Tupokigwe alizipapasa akaridhika, akaona huo ndio uimara, maana kitu kilichokazwa hivyo hakitafumuka leo wala kesho. Anyosisye alipochungulia alisema linafanana na la dukani, na kwa mara ya kwanza Tupokigwe alifurahi kumsikia. Kila mraba ulikuwa sawasawa na mwenzake, pembe kwa pembe. Ungekuwaje tofauti, na yote ilitoka kwenye mkono ule ule na hasira ile ile? Angekubali ua moja tu la jirani, akaliweka juu ya la kwake, angeona la jirani linachomoza pande zote kwa upana wa kidole na zaidi. Lakini maua ya majirani yalikuwa kwenye leso zao, makwao.

Alipofikisha kumi kushuka na saba kukata, aliunga, akapiga pindo, akalikunja. Akatuma watu kwa akina mama wote, na kwa Lugano akatuma ujumbe wake maalumu: Jumapili, baada ya ibada, njoo umwone mama yako anavyokufa kwa baridi.

Walikuja. Chumba cha nyuma kilijaa, wengine wakasimama mlangoni na ukungu ukiwaingia mgongoni. Lugano alisimama karibu na dirisha, amejifunga vitenge viwili, hamtazami dada yake usoni. Tupokigwe hakumsalimia. Alilifungua blanketi mbele ya macho yao, na watu wakaguna kwa uzuri wake, maana lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Wekundu wake ulikuwa unawaka. Akalishika pembe mbili, akalitupa kwa madaha juu ya mama yake, akalivuta hadi mabegani kama anavyofunikwa mtu, akalisawazisha, akageuka kuwatazama watu.

Watu hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wanatazama mwisho wa kitanda.

Blanketi lilikuwa limekomea katikati ya miundi. Chini yake ilitokeza miguu ya bibi Subilaga, miwili, mikavu, nyayo zimepasuka, vidole vimekunjamana kwa baridi. Tupokigwe akalivuta chini. Likafika miguuni, na mabega ya mama yakabaki nje na gauni lake la kulalia. Akalivuta juu tena. Akahesabu maua kwa macho: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Yalikuwa kumi. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa heri wangecheka, kwa sababu kicheko angekijibu.

Lugano akafungua kitenge chake cha juu, akainama ili kuifunika ile miguu. Tupokigwe akamdaka mkono.

"Usimguse," akasema. "Hili ndilo ulilokuja kulitafuta. Umeliona, nenda ukalitangaze."

"Dada, mimi sikusema humtunzi mama."

"Ulisema nini basi, mbele ya kanisa zima?"

"Nilisema mama ana baridi ya miguu. Niliwaomba kila mtu alete ua lake, tumfumie, kama anavyofumiwa mtu yeyote. Wao walileta, ukawafukuza mlangoni."

Anyosisye, aliyekuwa kwenye kona, aliona ghafla kwamba dari ile inahitaji kutazamwa.

"Na kwa nini hukuniambia mimi?" Tupokigwe akauliza. "Hii nyumba ni yangu. Mama yuko kwangu. Kwa nini uende kwanza kwa watu?"

Lugano alisema alifikiri atakutana naye hapo hapo Alhamisi, na alipokosa kumwona aliona haya kurudi nyumbani kwa dada yake na maneno mikononi. Hilo lilikuwa kosa, na Lugano mwenyewe alilikubali pale pale. Kwa hiyo msinisikie nikasema Tupokigwe alikasirikia hewa. Mtu akiwa na jambo la nyumba yako, aanzie nyumbani kwako.

Lakini Tupokigwe alikuwa ameshamwacha Lugano. Alimgeukia mama yake. "Wewe ndiye uliyemwambia una baridi?"

"Ni mimi," bibi Subilaga akasema.

"Mimi niko hapa asubuhi na jioni. Kwa nini umwambie yeye, usiniambie mimi?"

Yule mzee hakutaka kusema, ilionekana, na akasema kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.

"Hata wewe nilikuambia, mwanangu. Ulikuwa unahesabu."

Hapo Tupokigwe alikamata pindo la blanketi, akatafuta ncha ya uzi alikofungia. Mnajua kazi ya kulabu ilivyo. Ukiipata ile ncha ya mwisho na kuifungua, unavuta tu na safu nzima inakwenda. Alitaka kulifumua lote, mbele yao, aone uzi umelala sakafuni. Bibi Subilaga akaweka mkono wake juu ya mkono wa binti yake.

"Liache," akasema. "Ni zuri, na hapa kifuani nimepata joto. Ndaga, asante, mwanangu. Ila ni la hasira, na la hasira halijafika miguuni."

Mnasubiri niwaambie kwamba ndugu hao walikumbatiana wakalia. Hawakukumbatiana. Tupokigwe aliwaambia watu waende makwao, na walikwenda, Lugano naye akaenda na vitenge vyake. Nyumba ilipobaki tupu, Tupokigwe aliketi kwenye ncha ya kitanda, akiwa bado na hasira, tena sasa kali kuliko ya mwanzo kwa sababu hakujua aipeleke wapi. Akainyanyua miguu ya mama yake, akaiweka mapajani, akaishika. Ilikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni. Mwanamke huyu alikuwa ameiogesha miguu ile kila siku kwa maji ya moto, na maji ya moto hayakuwa yamempa nafasi ya kujua ikoje yenyewe. Aliikumbatia pale mpaka giza likaingia na watoto wakaanza kuuliza chakula.

Alhamisi alikwenda kanisani. Hakuomba radhi, hakutoa hotuba, alifika tu, akasimama mbele akasema blanketi la mama limepungua na anaomba maua ya kuongezea. Leso zikafunguliwa. Yale aliyoyarudisha mlangoni yalikuwapo, la njano na la zambarau, na mengine. Lugano alileta la kwake, jeupe. Tupokigwe alilipokea bila kumtazama, lakini alilipokea.

Likabaki pengo moja la kukamilisha safu, nalo lilikuwa lake. Alilifuma akiwa amekaa kitandani, miguu ya mama iko mapajani mwake chini ya kanga. Akivuta uzi kwa nguvu, kiwiko kinaigonga miguu na mzee anashtuka usingizini. Ikabidi ashike uzi kwa ulegevu. Akakumbuka ya Lugano, mkono ukataka kukaza, mzee akashtuka, mkono ukalegea. Ua lile lilimchukua muda mrefu kuliko yote, na lilipokwisha petali zake zililala chini, na sindano haikulia hata mara moja.

Alipoiunga safu ile mpya na ya zamani, ilizidi. Maua saba ya watu yalikuwa mapana kuliko saba ya hasira, kwa hiyo blanketi likabana mabegani na kutanuka miguuni, na ule mwisho ukawa na mawimbi. Watu walimshauri afumue yale ya juu ayafume upya yalingane. Alikataa. Bibi Subilaga alilala chini yake misimu mingine ya baridi, na ile sehemu ya mawimbi ndiyo aliyopenda kuizungushia vidole vya miguu. Alipofariki, Lugano na Tupokigwe waligombea nani abaki na blanketi, waligombana vikali kweli, lakini safari hii kila mmoja alimfuata mwenzake nyumbani kwake na kumwambia usoni.

Na maneno ya mama yao yalifikaje kwenu? Yalifikishwa na Anyosisye. Kwa kheri au kwa shari, mdomo ule ulikuwa na kazi. Alitoka chumba kile akayapeleka bonde hadi bonde, na safari ile tu hakuyaongeza chumvi, ila aliyapunguza, mpaka yakawa mafupi kama mlivyoyasikia.

Sasa wewe Tumpe, hapo pembeni. Sijui umekosana na nani, na sitaki kujua, lakini tangu tumeketi sindano yako inalia, na mwenzako hapo amekupa mgongo. Lete huo mraba wako. Uweke juu ya wa kwake, hivyo, pembe kwa pembe. Tazameni wote.

Umeona kijani cha mwenzako kinavyochomoza pande zote nne? Bibi harusi huyu anahamia Makete, na Makete kuna baridi kuliko hapa. Hajakukosea kitu, na miguu ni yake. Fumua, mwanangu, nenda ukaseme na mwenzako huko nje mpaka mmalize, halafu urudi uanze upya.

Blanketi la hasira halifiki miguuni.